Januari Dari Inavuja na Mvua Hakuna

Vuli ikishakatika, mafundi wa paa wa Dar es Salaam hupumzika, na hapo ndipo simu yangu inapochangamka. Kuanzia Desemba mpaka masika yaingie, wengi wanaonipigia wana lalamiko moja: dari inavuja. Mtu anaapa mvua haijanyesha. Anaapa koki ya tangi la juu ameifunga. Na kabla yangu ameshaita fundi wa bati, ambaye alipanda, akagongelea misumari kadhaa, akapokea chake akashuka. Usiku huohuo tone likaanguka kwenye godoro.

Mimi kwa asili ni fundi bomba. AC niliiongezea baadaye, kwa sababu kazi nyingi za maji nilizokuwa naitiwa zilikuwa zinaanzia kwenye AC, na mafundi AC niliokuwa nakutana nao ngazini walikuwa wanahangaika na mambo ambayo kwangu ni ya bomba. Fundi AC anasema, "Hilo la fundi maji." Mimi nasema, "Hilo la fundi AC." Mwenye nyumba amesimama katikati yetu, kashika kichwa.

Utaratibu wetu wa kujenga ndio unaozaa hali hiyo. Fundi maji anaingia mapema, kuta zikiwa matofali matupu. Anakata ukuta, analaza mabomba, anayajaza maji kuyapima, lipu inapigwa, vigae vinabandikwa, anaondoka. Mwenye nyumba anahamia na feni zake. Kiangazi cha kwanza anavumilia. Cha pili mama watoto anasema basi. Ndipo fundi AC anapokuja na drili yake. Nyumba imeshakamilika, imeshapakwa rangi, na hakuna aliyemwachia mahali pa kumwaga maji. Basi anayamwaga popote anapopaona.

Kwanza, maji hayo yanatoka wapi? Wateja wengi huniambia ni gesi imeyeyuka. Gesi haihusiki, imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba, na hata ikivuja haitoki kama maji. Maji yanayodondoka yalikuwa hewani, humo humo chumbani. Weka soda ya baridi mezani mwezi Januari: muda si mrefu chupa imelowa na kitambaa kimepata duara la maji. Koili iliyo ndani ya AC ni chupa hiyo, ila yenyewe haiishiwi ubaridi, na feni inaisukumia hewa bila kupumzika.

Kiasi chake ndicho kinachowashtua watu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, jambo la kawaida kabisa hapa pwani, huanza kuacha maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Nyuzi 25 si baridi. Kuna watu wanaweka AC hapo na kuomba shuka jepesi. Sasa koili yenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi kama 5 hadi 12. AC ya BTU 12,000, ile ya chumba cha kulala, usiku wa joto na mlango ukifunguliwa mara kwa mara, inaweza kutoa lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Ikiwaka usiku kucha ni ndoo ya lita kumi. Nyumba yenye AC tatu ni ndoo tatu. Hakuna fundi bomba ambaye angefunga koki ya kumwaga ndoo tatu kila usiku bila kujua maji yanaelekea wapi, lakini kwa AC tunaona sawa tu.

Na suala la maji lilikuwemo kwenye AC tangu mwanzo. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia kijana wa Marekani, alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Kilichowasumbua wachapaji hao ni unyevu: karatasi zilitanuka na kunywea, rangi zikawa haziangukii mahali pake. Carrier akaipitisha hewa kwenye koili zenye maji baridi ili unyevu ubaki kwenye koili. Mashine tunayoisifia ubaridi ilizaliwa kwa kazi ya kukamua maji hewani, na mabomba ya maji yalikuwemo tangu siku ya kwanza.

Kukamua huko kunalipiwa. Kila lita inayoachwa kwenye koili imeilazimisha AC kuondoa joto la karibu uniti 0.7 kabla haijakupoza wewe hata kidogo. AC nzuri huifanya kazi hiyo kwa umeme wa kama theluthi ya kiasi hicho, lakini bado ni umeme wa Luku yako. Kwa hiyo nguo mbichi zilizoanikwa korido, mlango wa bafu unaoachwa wazi baada ya kuoga, bomba linalovuja taratibu ndani ya ukuta, vyote hivyo utavikuta kwenye matumizi ya umeme. Maji yanapanda hewani, AC inayashusha, wewe unanunua uniti. Niliwahi kuitwa Sinza kwa AC "isiyopoza". Gesi ilikuwa sawa, filta safi. Ila ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno. Elbo ya bomba la plastiki la PPR ilikuwa inavuja pale ilipochomelewa. Tulibadilisha elbo, ukuta ukachukua muda wake kukauka, na chumba kikaanza kupoa. AC yenyewe sikuigusa.

Turudi kwenye ndoo tatu zetu. Maji ya AC hayana presha hata chembe. Hayasukumwi na tangi wala pampu, yanashuka kwa uzito wake tu. Dreni, yaani bomba linaloyatoa nje, ikipanda kidogo mahali popote, yanasimama pale pale. Mimi nikilaza dreni naweka pimamaji juu ya bomba na sikubali chini ya sentimita moja ya mteremko kwa kila mita. Nimeona dreni za mpira zilizopitishwa juu ya jipsam zikiwa zimelegea katikati ya mbao na mbao, na kila palipolegea maji yamekaa. Ndani yake vumbi lililopenya kwenye filta linakutana na unyevu, unazaliwa ute mzito wa rangi ya kahawia wenye utelezi. Ute huo ukijaa, trei iliyo chini ya koili inafurika. Inafurika polepole, saa kadhaa baada ya AC kuwashwa, na hiyo ndiyo sababu dari huvuja usiku wakati watu wamelala.

Kuizibua dreni si kazi kubwa. Ute ninauvuta kwa mashine ya kuvuta maji, nikiwa nje, mwisho wa bomba. Wapo wanaopuliza kwa mdomo au kwa kompresa kuelekea ndani. Hao wanaurudisha ute wote kwenye trei, na baada ya mwezi wanaitwa tena.

Kuna uvujaji mwingine unaofanana na huo lakini chanzo chake ni tofauti. Katika yale mabomba mawili ya shaba yanayotoka ndani kwenda nje, lile nene ni baridi. Linatakiwa livae sponji yake nyeusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Panya wakiitafuna, au fundi akiacha pengo la kiganja kwenye maungio, bomba linatoa jasho juu ya dari yako kila linapofanya kazi. Hewa iliyo chini ya bati ina joto na unyevu tele, hivyo jasho hilo si la mzaha. Mwenye nyumba ataziba bati, atabadilisha koki, atapaka rangi upya, na doa litarudi pale pale.

Kuna kazi moja ya Mbezi Beach ambayo naisimulia sana kwa vijana ninaofanya nao kazi. Mwenye nyumba ni mama mstaafu. Nikabisha hodi, nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mimi sitaki nikuambie. Njoo unuse mwenyewe."

Kilikuwa chumba cha wageni. AC ikiwashwa baada ya kukaa siku nyingi imezimwa, chumba chote kinanuka choo. Mafundi wawili walishaiosha AC kwa mashine ya presha na dawa yenye harufu ya limau. Limau lilikaa siku mbili likaondoka, choo kikabaki.

Nilianzia bafuni. Kila sinki, kila choo, kila tundu la sakafuni lina trapu, yaani ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji. Maji hayo ndiyo mlango kati ya chumba na chemba ya nje. Yakiwepo, hewa ya shimo haipiti. Bafu la chumba cha wageni haliogewi, kwa hiyo maji ya trapu ya sakafuni yalikuwa yamekauka na kuacha mduara wa chumvi nyeupe. AC inayokausha hewa ya chumba huharakisha hali hiyo, na feni ya kutolea hewa bafuni huimalizia: ukiiwasha na madirisha yamefungwa, inavuta hewa kutoka popote itakapoipata, na tundu lililokauka ndilo lililo jirani. Nikamwaga jagi la maji, juu yake kijiko cha mafuta ya kula ili yasikauke upesi. Harufu ikapungua. Haikuisha.

Nikafungua kifuniko cha AC. Kona za shaba pembeni ya koili zilikuwa nyeusi, weusi usiofutika kwa kitambaa. Shaba iliyozeeka kawaida huwa na rangi ya hudhurungi. Weusi wa namna ile huletwa na gesi ya shimo la choo, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ina salfa na inakula shaba. Nikajua dreni haikwenda nje. Tukamimina maji kwenye trei na kusikiliza ukutani: yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta wa bafu. Fundi aliyeifunga alikuta bomba la kupumulia choo limepita nyuma ya kitanda, akalitoboa, akaichomeka dreni humo, akaweka silikoni, akapiga rangi. Nje hakuna bomba linalodondosha, ukuta msafi, kazi nadhifu kabisa. Na feni ya AC ilipozunguka, ikawa inavuta hewa ya shimo kupitia dreni na kuigawa chumbani.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nalaza wageni ndani ya shimo la choo?"

"Pembeni yake, mama."

Hakucheka. Mimi nilijikaza.

Kijana niliyekuwa naye aliuliza kwa nini tusiweke trapu kwenye dreni tuache mengine yalivyo. Ni swali zuri, na kwa chumba kinachotumika kila siku mtu anaweza kujitetea nalo. Lakini trapu ya AC hujazwa na AC yenyewe. Ikizimwa wiki tatu mkunjo unakauka na tumerudi tulikotoka. Tulilikata lile ungio, tukaziba bomba la kupumulia, tukaitoa dreni nje na kuiishiza juu ya gali, yaani lile tundu la uani linalopokea maji machafu, ikining'inia sentimita chache bila kugusa maji. Nafasi ile ndogo ya hewa ndiyo kinga: gali ikiziba na kufurika, uchafu unamwagika uani, haupandi kwenye AC. Koili haikuwa na muda mrefu. Shaba iliyoliwa namna ile hutoboka vitundu vidogo na gesi huisha kila baada ya miezi kadhaa, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliofuata akanunua mpya.

Kuna watu wanakwepa mabomba yote hayo kwa kuweka ndoo chini ya dreni kwenye kibaraza. Si vibaya, ila ndoo ikaguliwe. Maji hayo ni safi kwa macho, yametulia, yako kivulini, na mbu anayeeneza dengi anapenda mahali pa namna hiyo. Yai likitagwa, kwa joto letu mbu kamili anaruka ndani ya siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Maji hayo mwagia maua, deki sakafu, safishia choo. Watu huniuliza kama yanafaa kunywa kwa kuwa "yametoka hewani". Hayafai. Yamepita juu ya alumini, shaba, vumbi na ute, na madini ya maji ya kawaida hayana.

Sasa ukuta. Chumba cha kulala na bafu lake vimetenganishwa na tofali moja la nchi tano au sita. Baba mwenye nyumba anarudi kazini, anaweka AC nyuzi 16, akiamini 16 inapoza haraka kuliko 24. Haipozi haraka, inapoza kwa muda mrefu zaidi tu. Kufikia usiku wa manane ukuta wenyewe umeshuka chini ya nyuzi 25. Upande wa pili mtu anaoga maji ya moto, mvuke unajaa, unakutana na ukuta ulio baridi kuliko hewa. Unajua kinachofuata. Rangi inatuna mapovu, kona za juu zinaota ukungu mweusi, na mimi naitwa kutafuta bomba linalovuja ndani ya ukuta ambao haujawahi kupitishiwa bomba. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilizojengwa kwa mawe na chokaa, kuta nene kama dhiraa, hazina kisa hiki kwa urahisi. Ubaridi hauvuki ukuta ule kwa usiku mmoja. Mtu wa tofali la nchi tano aweke 24 au 25, bafu lipate dirisha linalofunguka, habari imekwisha.

Wakati wa joto huingia pia zile feni kubwa zenye tangi la maji, zinazopuliza hewa kupitia vitambaa vilivyolowa. Muuzaji anasema ni AC isiyokula umeme. Kuna mji ambao ana haki ya kusema hivyo. Dodoma mwezi Oktoba, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, hewa iliyopita kwenye kitambaa kilicholowa inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 19 au 20. Mtungi wa bibi ulipoza maji kwa kanuni hiyo hiyo. Ila Dar es Salaam, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, hewa hiyo haiwezi kushuka chini ya 28 hata mashine ingekuwa ya dhahabu. Kinachobaki ni maji unayoyaongeza chumbani. Nimekuta nyumba Tabata feni hiyo inawaka sebuleni na AC inawaka humo humo: moja inamwaga maji hewani, nyingine inayakusanya na kuyatoa nje, na Luku inazilipia zote mbili.

Upande wa joto mambo ni mengi vilevile, hasa kwa ndugu zetu wa Arusha, Iringa na Mbeya, ambako Juni na Julai hakuna anayeuliza AC. Wasomaji walioko Ulaya watasema kwao kupasha nyumba joto ni kazi ya bomba moja kwa moja, maji ya moto yakizunguka kwenye radieta chini ya kila dirisha. Huku kwetu joto la nyumba tunaliachia blanketi, na mabomba tunayadai maji ya kuoga tu. Lakini hata hilo lina hesabu.

Shawa ya moto ya umeme, ile inayofungwa bafuni ukutani, mara nyingi ni ya kilowati 5.5 hivi. Maji yakipita lita tatu kwa dakika, inaweza kuyapandisha kwa nyuzi kama 26. Maji yanayoingia na nyuzi 15 yanatoka na 41, ambayo ni safi kwa kuoga. Maji yaliyoingia na 27, kama yetu ya pwani, yatatoka na 53, yanaunguza. Ndiyo maana shawa iliyomfurahisha mtu Mafinga inamchoma akiifunga Kigamboni. Mteja analalamika ni mbovu. Ninachofanya ni kuiweka kwenye joto dogo na kumwongezea presha ya maji. Presha yenyewe ni urefu tu: kila mita moja ya tangi juu ya shawa ni sehemu moja ya kumi ya bari. Simtanki lililokaa juu ya bati, mita moja na nusu kutoka kwenye shawa, linaweza kushindwa hata kubonyeza swichi iliyo ndani. Mtu anaita fundi umeme. Anayehitajika ni wa kuinua tangi au kufunga pampu.

Tangi jeusi lililo juani nalo ni hita, upende usipende. Saa tisa alasiri maji ya kwanza kutoka kwenye koki huwezi kuyanawia mtoto. Mabomba yaliyopita chini ya bati yanapata joto hilohilo na kulishusha kwenye dari ya chumba unachokipoza. Kivuli cha makuti juu ya tangi kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kisha kuna boila ya umeme iliyofichwa juu ya dari ya chumba cha kulala ili isionekane: hata usipofungua koki, ya lita 80 ikiachwa imewashwa usiku na mchana hupoteza karibu uniti moja ya joto kupitia ganda lake. Unalipia kulitia, kisha unalipia AC kulitoa. Boila ikae bafuni au nje, na swichi yake izimwe.

Hapo kuna jambo mafundi wenzangu wanalipuuza. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka karibu asilimia moja na nusu. Boila ya lita 100 ina lita moja na nusu za ziada zisizo na pa kukaa. Zitoke kwenye valvu ya usalama, na valvu hiyo nayo inadai dreni yake, bomba la chuma au PPR ya maji ya moto, kwa mteremko, hadi mahali panapoonekana. Nimeona valvu imezibwa kwa plagi kwa sababu "ilikuwa inadondosha". Aliyefanya hivyo aligeuza boila kuwa bomu. Bomba la PVC nalo lisikaribie maji ya moto. Linalainika, linapinda, viungo vinaachia.

Wenye hita za sola, ambazo kwa Nairobi na Arusha ndizo zenye akili, wakumbuke tangi la maji baridi lazima liwe juu kuliko tangi la hita, la sivyo maji hayaendi. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita hizo. Na kuna mitambo inayolichukua joto ambalo AC inalitupa nje na kulitia kwenye maji ya kuoga. AC ya BTU 12,000 inatupa nje kilowati nne na zaidi, na mwenye nyumba huyohuyo anawasha boila. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi ningeipigia hesabu kabla ya kununua boila hata moja. Kwa nyumba ya kawaida bado bei haijanishawishi.

Kubana matumizi kusivuke mpaka fulani. Wapo wanaoshusha boila hadi nyuzi 40 ili kuokoa umeme. Julai 1976, kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, wanachama wa chama cha wanajeshi wastaafu cha Marekani, American Legion, walikusanyika kwa mkutano, kisha wakaanza kuugua mapafu. Walikufa watu wasiopungua 29. Mwanzoni mwa 1977 wanasayansi wakampata mdudu, bakteria anayestawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na anayemwingia mtu kupitia manyunyu anayoyavuta. Maskani yake ni minara ya kupozea ya majengo makubwa na pia shawa na matangi ya maji ya moto: upande wa baridi na upande wa bomba kwa pamoja. AC ndogo ya ukutani haitoi manyunyu, kwa hiyo si yenyewe ninayoiogopa. Boila naiweka 60 na kuchanganya maji kwenye koki. Shawa ambayo haijatumika wiki kadhaa, naifungulia maji yamwagike kwanza huku nimesimama mbali.

Anayejenga sasa ana bahati. Kabla lipu haijapigwa, mwite fundi AC siku moja na fundi maji wako yuko saiti, waonyeshe kila chumba kitakachokuja kupata AC, hata kama hela ya AC utaipata baada ya miaka mitano. Walaze bomba la nchi moja ndani ya ukuta, kwa mteremko, litokee nje juu ya gali au kwenye bustani. Limwagiwe maji na kupimwa kama mabomba mengine, lizibwe mdomo kwa mfuniko ili nyigu wasijenge humo. Gharama yake ni mabomba machache na nusu siku ya kazi. Ukisubiri, utalipia kukata ukuta, lipu, vigae na rangi.

Na kwa aliyekwisha kujenga, ambaye dari yake imelowa leo: usimwite mtu bado. Zima AC za upande huo siku nzima na usiku wake. Doa likianza kukauka, tafuta fundi AC na umwambie aanzie kwenye dreni, si kwenye gesi. Lisipokauka, funga koki zote za nyumba na bomba linalojaza tangi kama unalo, nenda kwenye mita ya maji ulitazame gurudumu lake dogo dakika kumi. Likizunguka, una bomba linalovuja kati ya mita na tangi au koki, mwite fundi maji. Lisipozunguka, panda uangalie boya la tangi na bomba linaloshuka kutoka hapo. Kwa nyumba zinazotumia simtanki, mita haioni kinachovuja baada ya tangi, kwa hiyo weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji jioni, funga bomba linalolijaza, na uitazame tena alfajiri kabla mtu hajaoga.